Bega la Kushoto

Mara ya kwanza alikuja na suruali moja ya kaki,
goti limeliwa.
Alitaka kiraka ila hakutaka kuivua,
hakuwa na nyingine.
Nikamshonea amekaa juu ya meza yangu, Mtaa wa Swahili,
mguu wake mikononi mwangu kama mbuzi wa kuchunwa.
Ndipo nikaziona shingoni chale za buluu
ambazo hakuna mganga aliyezichanja.

"Makaa ya mawe," akasema. "Yakikukata hayatoki.
Miaka tisa Wanki, chini, ambako mchana ni hadithi."
Yoswa Kanyenda, Mnyasa,
kapita Mbeya kwa miguu, Dodoma kwa behewa la ng'ombe,
na sasa, stesheni, anayalisha makaa yaleyale
kwenye tumbo la garimoshi.
"Nimeyakimbia, Fundi Shomvi," akacheka,
"yamenitangulia kwa treni."

Mara ya pili alitaka koti.
Si la harusi. La kusimama Mnazi Mmoja.
Makuli walikuwa siku ya nne ya mgomo,
sukari imepotea madukani, kreni zimenyamaza.
Nikampima. Bega la kushoto limelala inchi mbili,
upande wa beleshi.
"Niweke pamba, yalingane?"
"Acha. Watakaonisikiliza wote wako hivi."
Basi nikakata kitambaa kikiwa pogo,
kosa pekee la makusudi katika maisha yangu ya mkasi.

Alisema "balabala" badala ya barabara.
Watu wakacheka. Kisha hawakucheka tena.
Alisema, "Meli haijui kujipakua,"
na mzee mmoja wa Kurasini akavua kofia, akaikunja, akakaa chini.
Kadi ya chama ilikuwa senti hamsini.
Nami nilinunua, ingawa fundi cherehani
hana mwajiri ila tumbo.
Walipomfunga miezi mitano
koti lilining'inia msumarini kwangu,
kila Ijumaa nalipangusa vumbi.

Mara ya tatu alikuja na gari, dereva akabaki nje.
Bendera mpya, kura zimehesabiwa.
Waliosema "huyu si wa hapa" tuliwauliza
bandarini nani wa hapa, wakanyamaza.
Kitambaa kilikuwa sufu, rangi ya majivu, laini kama sikio la paka.
Nikapima. Bega lilikuwa palepale.
"Weka pamba," akasema,
akikitazama kioo, si mimi.
"Kule kuna wapiga picha."
Mteja ni mteja. Niliweka tabaka tatu.

Mwaka haukuisha.
Redio ya Pazi muuza kahawa ilikuwa dirishani,
muswada unasomwa: kugoma bila kibali, kosa.
Nikaitambua sauti kabla ya jina.
Alisema kila neno sawasawa.
Alisema barabara, na r zote mbili zikatoka.
Barabara ya taifa, alisema,
haijengwi na waliokunja mikono.
Kisha akaunga mkono hoja.
Nilikuwa nimeshika pasi ya mkaa.
Suruali ya mwalimu wa Gerezani ikaungua, nikailipa.

Mara ya nne alikuja usiku, bila gari.
Akalilaza koti mezani.
"Toa pamba."
Nikafumua. Sikumuuliza, naye hakueleza;
aliketi palepale alipokaa na kiraka chake,
akizitazama nyuzi zikidondoka.
Lakini sufu ikishatobolewa haisahau sindano.
Alipolivaa, bega lilirudi chini kwake
na koti likabaki juu, tupu,
kama nyumba iliyohamwa.

Nilikataa malipo.
Asubuhi, chini ya chaki yangu, nikakuta senti hamsini.
Hadi leo sijui kama alikuwa ananilipa
au anaomba kadi.